Uandishi wa habari wa kisasa na biashara yake ukiwa Kigoma: pa kuanzia

Mwanafunzi anayesema anataka "kufungua media" mara nyingi anazungumzia vitu viwili kwa mkupuo: kuwa mwandishi wa habari, na kuwa na biashara inayoingiza hela. Ni kazi mbili. Zina hati tofauti, wateja tofauti na hata maadili tofauti. Ya kwanza inamhudumia msomaji au msikilizaji, ambaye kwa kawaida halipi. Ya pili inamhudumia mteja anayelipa, naye anataka aonekane vizuri. Zote mbili zinawezekana ukiwa Mwanga, Ujiji au Kasulu. Ukizichanganya kwenye ukurasa mmoja chini ya nembo moja, ya kwanza itakosa kuaminika na ya pili itakuletea lawama.

Mpangilio tunaoushauri ni huu: anza kuuza huduma (video, sauti, picha, maandishi) kwa wateja wa karibu. Wakati huohuo jenga jina kwenye eneo moja la habari unalolijua kuliko wengine. Chombo cha habari chenyewe kije mwisho, hati zikiwa mkononi.

Hatua ya 1: Masomo

Aliyemaliza kidato cha nne anahitaji angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi, aingie astashahada. Astashahada ni ngazi ya 4 ya NTA, yaani ngazi za tuzo za elimu ya ufundi. Ukiendelea unapita ya 5 na kufika ya 6, ambayo ndiyo diploma. Wa kidato cha sita anaweza kuomba diploma moja kwa moja, au shahada kupitia vyuo vilivyo chini ya TCU, tume ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha SAUT cha Mwanza na SJMC, shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo majina yanayotajwa zaidi. Kabla ya kulipa hata senti, hakikisha chuo na kozi vimo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, cha mwaka huo. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa.

Usiidharau diploma kwa sababu "siku hizi ni simu tu". Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na kiwango cha chini cha elimu kinachodaiwa ili upate ithibati ni diploma ya uandishi wa habari au fani inayoendana nayo. Bila hiyo unaweza kupiga picha za harusi na kutengeneza matangazo, lakini huwezi kujiita mwandishi wa habari.

Ukitembelea chuo, acha kuangalia rangi ya majengo. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa pili: ameshatengeneza vipindi vingapi vilivyokamilika? Anaingia studio mara ngapi kwa wiki? Akijibu kwa kucheka, umepata jibu.

Jifunze na kitu cha pili kisicho habari: uchumi, kilimo, sheria, takwimu, au Kifaransa. Kwa Kigoma, Kifaransa kina uzito wa pekee, maana Burundi na Kongo ziko jirani na mashirika mengi yanafanya kazi na watu wa huko. Kiha, lugha ya wenyeji, nacho ni mtaji. Mama wa Kibondo akihojiwa kwa Kiha anasema mambo ambayo kwa Kiswahili angeyafupisha kuwa "tunashukuru".

Hatua ya 2: Chagua eneo moja la habari

Kosa la kawaida ni kuanzisha ukurasa wa "habari zote": siasa, Simba na Yanga, wasanii, ajali. Habari hizo zinatoka Dar es Salaam kila dakika, na wewe utakuwa unanakili tu. Nguvu yako iko kwenye kile ambacho mtu wa Dar hawezi kukifikia kwa simu.

Chukua ziwa. Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Vyombo vingi vya habari viliripoti tarehe. Lakini fikiria maswali yaliyobaki mwaloni, ufukweni boti za uvuvi zinapotua: mwenye boti anamlipaje kijana wake wa kazi kwa miezi mitatu? Mama mwenye chanja za kuanika dagaa anauza nini? Bei ya kilo ya dagaa wakavu inapanda wiki ya ngapi? Anayejua kwamba wavuvi wa dagaa hupumzika hata katika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwa unang'aa, anaanza mbele ya mwenzake. Mawese nayo ni hivyohivyo: utafiti wa michikichi uko Kihinga, kwenye kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, mashamba yako vijijini, soko liko Mwandiga, na walaji wako nchi nzima.

Njia rahisi ya kujenga jina ni taarifa ya bei ya kila wiki. Chagua bidhaa tatu tu, kwa mfano dagaa wakavu, mawese na maharage. Siku ileile, saa ileile, uliza wafanyabiashara watatu wasiokaa pamoja. Andika bei ya chini na ya juu, usiandike wastani uliojipigia kichwani. Taja kipimo: kilo kwenye mizani, au dumu la lita 20. Kinachoharibu taarifa nyingi ni vipimo. Dumu lililojaa hadi shingoni na lililoishia mabegani yanaitwa yote "dumu", na muuzaji anayejua unaandika bei atakutajia ile anayoitamani. Ndiyo maana ni watatu. Baada ya miezi michache mnunuzi wa Tabora au Dodoma ataanza kukupigia kabla hajapakia gari, na hapo ndipo msafirishaji atakubali kulipia tangazo chini ya taarifa hiyo.

Hatua ya 3: Vifaa, ukianza na sauti

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti isiyosikika haimshikilii hata sekunde kumi. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye maiki.

Maiki ya waya ya kubana kwenye nguo ni ya bei nafuu, na kwa mahojiano ya mtu mmoja inatosha. Kabla ya kununua, angalia pini yake. Pini yenye mistari mitatu imetengenezwa kwa simu. Yenye miwili ni ya kamera, na ukiichomeka kwenye simu itarekodi kwa maiki ya simu yenyewe bila kukuambia. Simu isiyo na tundu la mviringo inahitaji kiunganishi cha USB-C, na si kila kiunganishi kinapitisha maiki. Vingine vinapitisha spika za masikioni tu. Jaribu palepale dukani: rekodi, kisha kwaruza maiki kwa ukucha. Ukisikia mkwaruzo ukicheza, inafanya kazi.

Bana maiki shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, ushungi au kitambaa kinachosugua. Sema na mhojiwa aongee dakika nzima, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Ukimaliza, rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Utazihitaji wakati wa kuhariri kuziba pengo, la sivyo kila mkato utasikika kama mlango unafungwa.

Baada ya maiki: stendi ya simu yenye miguu mitatu isiyoyumba, pawabenki ya mAh 20,000, na kadi ya kuhifadhia. Hesabu nafasi mapema. Video ya 1080p kwa mpangilio wa kawaida hula takribani MB 130 kwa dakika. Mahafali ya saa tatu ni dakika 180, yaani zaidi ya GB 23. Kadi ya GB 32 itakutosha kwa kubahatisha. Nunua ya GB 64. Tena kadi za GB 32 kushuka chini huja na mfumo usiopokea faili linalozidi GB 4, na kwa kasi hiyo unafika hapo baada ya dakika 30 hivi. Simu nyingine hukata na kuanza faili jipya, nyingine husimama kimya wakati mgeni rasmi ndio kwanza anapanda jukwaani. Simamisha mwenyewe na uanze upya katikati ya ratiba, watu wanapopiga makofi.

Weka simu kwenye hali ya ndege. Simu ikiita, rekodi nyingi hukatika. Kamera kubwa isubiri mpaka kazi za simu zimeilipia.

Hatua ya 4: Kupiga picha Kibirizi bila kuharibu

Mwalo wa Kibirizi unatazama magharibi, na kosa lake hurudiwa na wengi. Mtu anafika saa kumi na moja jioni, anamsimamisha mvuvi ziwa likiwa nyuma yake, jua liko juu ya maji, na uso wa mvuvi unatoka mweusi kama kivuli. Nenda asubuhi. Jua linatoka nyuma yako, upande wa mji, linamwangaza mhojiwa usoni na ziwa linabaki na rangi yake. Asubuhi pia ndipo vyombo vya dagaa vinaporudi, kwa hiyo kazi ipo. Kama ni lazima iwe jioni, mgeuze mhojiwa atazame ziwa, wewe usimame upande wa maji. Na kumbuka Kigoma jua huchomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam; ratiba ya mwanga uliyosoma kwenye kozi ya huko usiilete kama ilivyo.

Upepo ukianza, maiki isiyo na kifuniko cha sponji au manyoya itajaa mvumo usiofutika. Ukikosa kifuniko, mhoji mtu nyuma ya ukuta au banda. Injini ya boti ikiwashwa, nyamaza, subiri iondoke, rudia swali.

Kwa kila tukio chukua vipande vitano vya video, kila kimoja sekunde kumi bila kutikisa: mikono inayofanya kazi, uso wa anayefanya, mtu mzima na kazi yake, mtazamo kutoka nyuma ya bega lake, na mahali pote kwa upana. Ukiwa na hivyo vitano unaweza kuhariri chochote. Na futa lenzi. Baada ya kushika dagaa au dumu la mawese, kila mwanga utakuwa na mkia.

Ndani ya ukumbi wenye taa za tyubu, weka video kwenye fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (shutter) ya 1/50. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na fremu 30 huleta mistari inayotambaa kwenye picha.

Hatua ya 5: Kuhakiki

Uvumi unaosambaa kwa kasi Kigoma ni wa boti kuzama. Picha itakuja WhatsApp ikiwa na watu majini na maneno "sasa hivi, tusambaze". Iweke kwanza kwenye Google Lens uone kama imewahi kutumika kwingine. Angalia maandishi ubavuni mwa chombo, mavazi, milima iliyo nyuma. Piga simu kwa mtu aliye mwaloni kwenyewe, si aliyetumiwa picha. Kisha tafuta mamlaka: kamanda wa polisi wa mkoa ndiye msemaji wa polisi, Zimamoto wanahusika na uokoaji, na TASAC, shirika la uwakala wa meli, inasimamia usalama wa vyombo vya majini. Idadi ya waliofariki huandikwa kwa kutaja nani kaitoa na saa ngapi. Majina hayatoki kabla ya familia kujua, hata kama unayo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na "nimeforwadi tu" si utetezi wa kuutegemea. Kwa picha na taarifa za watu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa watoto iko Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo pata ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kumwonyesha mtoto. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu haiingiwi kwa kadi ya chuo. Kibali kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Droni nayo ina kibali chake, kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Hatua ya 6: Hati za biashara

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hati inadai iliyotangulia.

Kwanza namba ya NIDA. Pili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mfumo wao wa mtandaoni. Andaa majina matatu, maana la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Usilipe mtu wa steshenari laki moja kwa kazi ambayo ada yake ya serikali ni makumi ya elfu machache. Tatu TIN, namba ya mlipakodi, ya biashara kutoka TRA, ambayo ni bure. Hapo utakadiriwa kodi, na huna haja ya kuogopa: nenda na makadirio yako yaliyoandikwa, useme ukweli kwamba unaanza. Anayekwenda mikono mitupu hukadiriwa kwa kuangaliwa sura. Nne leseni ya biashara halmashauri. Tano akaunti ya benki kwa jina la biashara, kwa sababu mashirika hayalipi kwenye namba ya simu ya mtu.

Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni jambo jingine. Inamhusu anayetoa habari na matukio mtandaoni kama chombo, hata kama chombo chenyewe ni chaneli ya YouTube. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilipoanza, leseni ilikuwa shilingi 1,000,000 kwa mwaka na wengi walifunga kurasa zao. Kanuni zimeandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Soma jedwali la ada la TCRA la sasa kabla hujachapisha nembo na fulana.

Hatua ya 7: Bei na makubaliano

Bei ya kubahatisha ndiyo inayoua biashara hizi, kuliko ukosefu wa wateja. Chukua video ya dakika mbili ya kikundi cha wakamua mawese. Siku moja ya kurekodi na moja ya kuhariri; ukijilipa 40,000 kwa siku ni 80,000. Nauli na chakula 20,000. Bando 5,000. Vifaa vyako vimegharimu tuseme 900,000 na vitadumu miezi 24, yaani 37,500 kwa mwezi. Ukipata kazi tano kwa mwezi, kila kazi ibebe 7,500. Jumla 112,500. Ongeza asilimia 20 ya dharura na faida, 22,500, inafika 135,000. Aliyetaja 50,000 ili "apate mteja" amelipa mwenyewe sehemu ya video hiyo.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa WhatsApp. Kwa mkuu wa shule, kwa mfano:

"Shikamoo Mkuu. Nathibitisha tulivyokubaliana: video moja ya mahafali, dakika 12, iliyolala kwa ajili ya runinga, pamoja na klipu tatu za simu zisizozidi dakika moja. Bei 250,000, nusu kabla ya siku ya mahafali, nusu kabla ya kukabidhi faili la mwisho. Marekebisho ni mara mbili; zaidi ya hapo 20,000 kila mara. Kazi itakuwa tayari siku saba baada ya mahafali. Naomba orodha ya wahitimu yenye tahajia sahihi siku mbili kabla."

Sentensi ya marekebisho ndiyo itakayokuokoa na ile "rekebisha kidogo tu" isiyoisha. Ya orodha ya majina itakuokoa na wazazi. Kabla ya kulipwa, tuma nakala yenye maandishi ya jina lako katikati ya picha. Faili la mwisho litume kama hati au kwa Google Drive, maana video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na mteja atasema kazi yako ina ukungu.

Mashirika na taasisi hulipa vizuri lakini kwa kuchelewa, mara nyingi mwezi au zaidi baada ya ankara. Wanapolipa huduma hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio: kwenye 135,000 utapokea 128,250. Ile 6,750 imelipwa TRA kwa jina lako, kwa hiyo dai cheti cha zuio kila mara. Inapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka. Wanaoanza wengi hudhani wameibiwa, wanagombana na mhasibu na kuacha cheti mezani. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Jisajili mapema hata kama huna zabuni unayoitazama.

Kuhusu YouTube: ili ulipwe kwa matangazo kwa njia ya video za kawaida (si Shorts, zile fupi) unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtazamaji wa kawaida anakaa dakika mbili, unahitaji kutazamwa mara 120,000. Baada ya hapo malipo hutoka yakifika dola 100. Weka kazi zako huko kama sampuli kwa wateja, ila kodi ya chumba usiitegemee huko.

Hatua ya 8: Bahasha

Utaalikwa kwenye warsha, na mwishoni mtu atakupa bahasha "ya nauli". Kwa mwandishi wa habari hilo ni tatizo, kwa sababu kesho ukigundua mradi ule una hitilafu utaandika nini? Kwa mtengeneza video aliyeajiriwa kwa ankara, malipo ni malipo. Mtu mmoja akiwa na kofia zote mbili, watu hawatajua ipi umevaa. Tenganisha majina mawili ya kurasa, andika "Tangazo" juu ya kila kilicholipiwa, na usiripoti habari ya mteja wako kwa angalau mwaka mmoja baada ya kazi yake. Mteja akikuuliza "si utatupitisha na kwenye ukurasa wako wa habari?", mwambie ukurasa wa habari hauuzwi, kisha mpe bei ya klipu ya ziada.

Mtaji ukipungua, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana walio kwenye vikundi. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, mkiwa mmeshasajili kikundi na mna kazi mbili tatu za kuonyesha. Kikundi kilichoundwa wiki ya mkopo huvunjika wiki ya marejesho, na anayebaki na deni huwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti. Andikeni mapema nani anamiliki kamera, nani anamiliki nywila za kurasa, na mtu akiondoka anaondoka na nini.